Mama Bwalya Alivyomtania Shujaa

Katika avenyu yetu hapa Katuba, mtu akifa, habari hupelekwa sehemu mbili: kwa padri na kwa Mama Bwalya. Padri huja na maji ya baraka. Mama Bwalya huja na matusi.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtaani wananiita Madame Léa, na kwa miaka yote niliyokaa na watoto hamsini darasani sijakutana na kelele zinazomshinda yule mwanamke. Anauza samaki wakavu wa Kasenga sokoni. Kila Jumanne lori humletea vikapu, na avenyu nzima hunuka mto Luapula mpaka Alhamisi. Nilikwenda kumlalamikia mara mbili. Mara ya kwanza alinipa samaki watatu. Mara ya pili alinipa sita, akaniambia nikitaka tisa nirudi tena kulalamika. Sijarudi, lakini nimewahi kufikiria.

Ila si samaki waliomfanya ajulikane. Mama Bwalya ni wa ukoo wa Mbuzi, na watu wa ukoo wa Chui ni banungwe wake, yaani watani wake wa kuzaliwa. Utani huo ulianza kwa mababu huko upande wa Luapula, na wajukuu walipokuja mjini kufanya kazi za mgodi na za reli walikuja nao. Munungwe hana adabu kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Kazi yake kubwa iko kwenye kilio. Huingia amevaa nguo za marehemu, anatembea alivyotembea, anasema alivyosema, anautoa hadharani ulafi wake na uvivu wake. Hulala chini mbele ya jeneza akazuia njia. Wageni hushtuka sana. Sisi tunaona kwamba mtu aliyezikwa bila kutaniwa amezikwa kama mpita njia.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Mume wangu Stanislas, mtu wa reli, kwa mama yake alikuwa Chui. Siku ya kilio chake nilikaa kwenye mkeka tangu asubuhi, macho makavu, nikimngoja Mama Bwalya. Saa nne hayupo, saa sita hayupo, saa nane hayupo. Nikaanza kumchukia. Padri alikuwa amekwisha kufunga kitabu alipotokea mlangoni pa ua, amevaa koti la Stanislas la kazini na kofia yake, anapuliza firimbi.

"Munafunga juu ya nini?" alisema. "Miye nilisema nitafika saa ine. Treni ilikuwa na pane."

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Stanislas hakuwahi kufika popote kwa wakati, na kila mara treni ndiyo iliyokuwa imeharibika, hata siku alizokuwa akitoka kanisani kwa miguu. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, halafu kicheko kikageuka njiani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Nililala vizuri baada ya pale. Sijamshukuru mpaka leo, kwa sababu nikimshukuru hatanyamaza tena.

Sasa nije kwa Plamedi.

Plamedi alikuwa mtoto wa pekee wa Germaine, mtu wa ukoo wa Chui, fundi cherehani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimfundisha darasa la nne: mtoto mwembamba, miguu mirefu, mwenye kucheka peke yake. Alipokuwa na miaka kumi na minne padri alimpa tarumbeta kuukuu ya parokia, na amani ya avenyu ikaishia hapo. Wimbo alikuwa nao mmoja, ule wanaopiga askari wakati wa kushusha bendera. Katikati ya wimbo ule kuna mahali sauti inapanda juu sana. Plamedi hakupafikia hata siku moja. Alipanda, akapanda, halafu tarumbeta ikatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Kila jioni, bata yuleyule, mahali palepale. Watoto waliocheza mpira barabarani walikuwa wakisimama kidogo kumngoja bata, kisha wanaendelea. Na kila baada ya bata, kichwa cha Plamedi kilichomoza juu ya ukuta wa uani kwao.

"Karibu nipate, Madame," aliniambia nikipita. Miaka yote ile alikuwa karibu kupata.

Aliingia jeshini kwa ajili ya bendi. Walimjaribu, wakasikia bata, wakampa bunduki. Germaine alitusimulia hayo huku akicheka, na Plamedi mwenyewe, kwenye simu, alicheka kuliko sisi sote. Tarumbeta aliondoka nayo ndani ya begi. Wakampeleka mashariki.

Mwaka jana, mwezi wa tano, redio ilisema kumekuwa na mapigano na kwamba "askari kadhaa wameanguka." Neno hilo nalichukia. Mimi hufundisha hesabu, na kadhaa si namba. Siku tatu baadaye wanajeshi wawili waliingia uani kwa Germaine wameshika kofia mikononi, ndipo tukajua kwamba mmoja katika wale kadhaa alikuwa wetu.

Mwili uliletwa, na wengi hawaletewi. Kwa hilo tulishukuru. Aliyesimamia mambo alikuwa Kapiteni Kataliko, mtu wa Butembo, huko mashariki, mrefu, sare yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Alikuja siku moja kabla ya maziko na karatasi ya programu. Saa nne kamili jeneza linafika nyumbani. Kisha hotuba, kisha medali, kisha tarumbeta, kisha makaburini. Televisheni ya mji itaonyesha yote moja kwa moja.

Germaine alisoma karatasi mpaka chini, akaigeuza kuangalia nyuma.

"Papa Kapiteni, na banungwe batapita saa ngapi?"

"Banungwe ni banani?"

Mama Bwalya, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akichambua maharagwe ya kilio, akainua mkono. "Ni miye. Niko wa kumutukana."

Kapiteni akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya miwani. Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha darasani, taratibu, tangu Mbuzi na Chui mpaka firimbi ya mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi.

"Madame, huyu amekufa juu ya inchi," alisema. "Siwezi kuacha mutu amucheke mbele ya bendera. Bamama munisamehe. Kesho, hapana."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, na kabla ya kuondoka aliinama akamshika Germaine mikono yote miwili. Lakini hapana yake ilikuwa hapana ya kijeshi.

Mchana akaja Nono wa televisheni na kamera. Nono nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na siku hiyo nilijuta. Alimwekea Germaine kipaza sauti mdomoni, akauliza Plamedi alikuwa mtoto wa namna gani.

"Alikuwa anapiga tarumbeta mubaya," alisema Germaine. "Mubaya sana. Na alikuwa anaogopa kuku."

Nono akashusha kipaza sauti. "Mama, ile hatuwezi kupitisha. Useme tu alikuwa anapenda inchi yake."

"Alikuwa anaipenda. Lakini kuku alikuwa anaziogopa."

Saa moja jioni tukakusanyika kwa Germaine mbele ya televisheni. Ikatokea picha ya Plamedi ndani ya sare, amekunja uso ambao hakuwahi kuukunja mbele yetu, na sauti ya Nono ikasema kwamba tangu utotoni kijana huyu shujaa alikuwa na ndoto moja tu, kulinda mipaka ya nchi. Kwa kweli ilisemwa vizuri. Muziki uliowekwa nyuma ulikuwa wa huzuni. Germaine aliangalia mpaka habari zikahamia kwenye bei ya unga.

"Iko muzuri ule muntu," alisema. "Haiko mutoto wangu, lakini iko muzuri."

Akazima. Mimi nilitamani kumrudisha Nono darasa la kwanza. Kisha Germaine akamgeukia Mama Bwalya.

"Bwalya, ufanye vile unafanyaka kwa bengine. Usiache mutoto wangu aende sawa na mugeni."

Mama Bwalya akafungua kitambaa chake kichwani, akakifunga upya. "Nitafanya," alisema.

Kesho yake alfajiri nilimkuta ukutani kwetu, upande wake, ameegemea tofali. Hakuwa amesuka wala kujifunga kitambaa.

"Madame, unajua naogopa."

"Unaogopa bunduki?"

"Bunduki nini? Naogopa kukosa. Kama nakosa kuchekesha, kule mbele ya basoda na bunduki yabo, mbele ya kamera, nitakuwa nimemutukana kweli mutoto wa benyewe. Germaine atabakia na ile maisha yake yote."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kazi ile ina woga. Nilimwambia atafaulu. Akaniambia mwalimu husema hivyo hata kwa mtoto atakayeanguka, akaingia ndani.

Saa nne kamili, jambo ambalo mji wetu haukulizoea, lori la jeshi likasimama mbele ya ua. Askari sita wa kikosi cha Plamedi walishusha jeneza lililofunikwa bendera, wakaliweka mezani, wakasimama watatu huku na watatu huku, macho mbele. Germaine alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Macho yake yalikuwa makavu namna ninayoijua. Nono alikuwa na kamera yake karibu na kamba ya nguo. Mkubwa mmoja kutoka mkoani akasoma hotuba. Nilihesabu kwa vidole, kwa kuwa ndiyo tabia yangu: alisema shujaa mara kumi na moja, taifa mara tisa, Plamedi mara moja. Medali ikapigwa pini kwenye mto mdogo mwekundu.

Mama Bwalya hakuonekana. Niligeuka kuangalia mlango mpaka shingo ikauma. Hasira zikanipanda. Mwanamke aliyetukosesha usingizi miaka ishirini na mbili, leo ndiyo siku aliyochagua kunyamaza.

Akatoka mbele mpiga tarumbeta wa jeshi. Akanyanyua chombo chake, kinang'aa, akaanza wimbo ule. Alipiga vizuri mno. Wimbo ukapanda, ukakaribia mahali pale, na bila kupanga avenyu nzima tukashika pumzi, wazee, wauzaji wa sokoni, watoto juu ya ukuta, tukingoja bata. Sauti ikafika juu, safi, ikakaa kule kule juu. Bata hakuja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Plamedi amekufa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa tu.

Mpiga tarumbeta akashusha mkono. Kimya kilikuwa kibaya sana. Na kutoka nyuma ya ukuta wa ua, katikati ya kimya hicho, akalia bata.

Mama Bwalya akaingia. Alikuwa amevaa shati la shule la Plamedi, lililofungwa kwa kifungo kimoja kwa kuwa vingine vilikataa, na mdomoni ameweka faneli kubwa ya bati aliyoiazima kwa muuza mafuta ya mawese. Yeye ni mwanamke mpana, lakini alitembea na ile miguu mirefu myembamba ya Plamedi. Sijui aliitoa wapi, wote tuliiona. Jogoo wa jirani akakatiza mbele yake. Akaruka nyuma, akajificha mgongoni kwa yule mkubwa wa mkoani, akachungulia, akangoja jogoo apite. Kisha akasimama mbele ya Kapiteni, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Pardon, mon capitaine. Narudilia."

Akapuliza faneli. Alipanda, akapanda, akaanguka kwenye bata. Akaitazama faneli kama anayeishangaa, akainua kichwa juu ya ukuta ambao haukuwepo, akasema kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi na minne:

"Karibu nipate, Madame."

Kapiteni Kataliko alikwisha kupiga hatua moja. Nilimwona. Lakini kabla ya hatua ya pili kulisikika kitu kwenye jeneza. Askari wa kwanza kushoto, sajini aliyeitwa Ruben, alikuwa ametoa sauti ya puani. Macho yake yalikuwa mbele, midomo ameibana, mabega yanatikisika. Akafuata wa pili yake. Halafu wa tatu. Muda si muda askari sita walionyooka kandokando ya bendera walikuwa wakitetemeka, machozi yakiwashuka mpaka kwenye kola, na hakuna aliyethubutu kuyafuta.

"Kuna nini?" Kapiteni aliuliza.

"Mon capitaine, iko ile ile," alisema Ruben. "Kule position alikuwa anatupigia kila mangaribi. Tulikuwa tunasema adui akisikia atakimbia."

Basi tukacheka. Nilimtafuta Germaine. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, anacheka mpaka kiti kinamsogea, na kicheko chake kikapanda, kikapasuka, akaanza kulia kwa sauti, akiita jina la mtoto wake. Wanawake wakamzunguka. Alikuwa amengoja siku kumi na moja.

Mama Bwalya hakumaliza. Alijilaza chini chali mbele ya jeneza, faneli kifuani.

"Ba-Chui, mulizoea kukula siye ba-Mbuzi. Leo mbuzi iko mu njia, na haitoke. Ile tarumbeta mulipiga haiko yake. Hatuwezi kumutuma kwa Mungu na tarumbeta ya muntu mwingine."

Kila mtu akamwangalia Kapiteni. Yeye alimwangalia Germaine. Kisha akamwangalia yule mkubwa wa mkoani, ambaye wakati huo alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa karatasi ya hotuba yake. Akamgeukia mpiga tarumbeta.

"Rudilia," alisema. "Lakini kule juu, usifike."

Yule mpiga tarumbeta aliumia, ilionekana usoni. Alikuwa amejifunza miaka mingi kufika kule juu. Lakini amri ni amri. Akanyanyua chombo, akapiga wimbo ule kwa adabu yote, askari sita wakiwa wamesimama wima, Kapiteni mkono kwenye kofia, na palepale mahali pake, mbele ya bendera na kamera na sisi sote, tarumbeta ya jeshi ikatoa bata.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Bwalya akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akafungua njia.

Jioni ile, kabla ya habari, Nono alibisha kwangu na daftari mkononi, kama zamani alipokuwa akiniletea imla.

"Madame, niseme nini?"

"Sema kile uliona."

Tukakaa tena kwa Germaine. Hakukuwa na muziki. Nono alisema: "Plamedi, mtoto wa Mama Germaine wa Katuba, alipiga tarumbeta miaka kumi na miwili na hakufika juu hata siku moja. Aliogopa kuku. Amekufa vitani akiwa na miaka ishirini na sita, na leo avenyu yake imemzika." Ikafuata picha ya Ruben akijizuia kucheka, basi.

Germaine alisogeza kiti karibu na kioo. "Iko yee," alisema. "Iko mutoto wangu."

Nilimuuliza Mama Bwalya kwa nini alituchelewesha vile, na mimi nikakaribia kufa kwa hasira. Akasema alikuwa anangoja wao wapige vizuri kwanza. Bila wao kupiga vizuri, nani angemkumbuka bata? Nikaona kwamba kazi ile ina akili kuliko nilivyodhani, ila sikumwambia.

Juma lililofuata, Jumanne, siku ya harufu, nilikuwa natoa nguo kwenye kamba niliposikia sauti ya mwanamume uani kwake. Nikachungulia. Alikuwa Kapiteni Kataliko, bila sare, amevaa suruali ya kawaida isiyo na pasi. Amenunua samaki, lakini haondoki.

"Mama," alisema, "banatutuma tena mashariki juma inakuya. Na miye hapa sina munungwe hata mumoja. Kama narudishwa na lori sawa na ule mutoto, nani atanitukana?"

Mama Bwalya alimtazama, mikono bado ndani ya kikapu. Nilidhani atalia, na labda alitaka. Badala yake alivuta ndoo kwa mguu, akaipindua, akamwonyesha akae.

"Anza," alisema. "Unakoromaka?"

Kapiteni akakaa. Akasema mke wake analalamika kila siku. Mama Bwalya akaniita kwa nguvu, alijua niko ukutani, niende na daftari kwa sababu kichwa chake kimeanza kusahau. Niliandika kurasa mbili. Anakoroma, anapiga pasi hata soksi, anaimba kanisani kwa sauti ya kike, na aliwahi kupotea ndani ya kambi yake mwenyewe. Alipoondoka alikuwa anacheka.

Daftari ninalo hapa, kwenye kabati, chini ya vitambulisho vya Stanislas. Kila Jumapili namwombea Kapiteni yule arudi kwa miguu yake, na daftari lile liozee humo humo.